Chumvi kwenye Injini ya Boti

Maji yoyote nikipewa, hata ya kunywa, naanza kwa kuyaonja kwa ncha ya ulimi. Wanangu hunicheka, na mgeni asiyenijua hudhani namdharau. Si dharau. Ni tabia niliyoipata kijiji cha Nkowe, Ruangwa, miaka ya tisini ikielekea mwisho, niliposhinda msimu mzima nikionja maji yanayotoka kwenye injini na kumtazama kila apitaye kama mtu aliyeficha kitu mgongoni.

Mimi ni fundi wa injini za boti. Najua inachekesha, kwa sababu kutoka Nachingwea hadi Ruangwa kote hakuna mahali pa kuelea hata ungo. Nilizaliwa Ukerewe, kwenye maji baridi ya ziwa, ambako injini hunywa maji, huyazungusha mwilini na kuyatema, basi, mambo yamekwisha. Mradi wa uvuvi ndio ulionileta Lindi, na huko ndiko nilikojifunza kuogopa chumvi. Bahari haina utani na chuma. Injini inayopozwa kwa maji ya bahari moja kwa moja hufanya kazi vizuri kabisa, inakuchekea, huku ndani inaliwa.

Ndiyo maana boti zenye watu makini huwa na maji mawili. Kuna maji ya ndani, safi, yaliyofungiwa, yanayozunguka kwenye chuma na kurudi palepale bila kutoka nje. Na kuna maji ya bahari, yanayopita pembeni ya mabomba ya hayo ya ndani, yanachukua joto na kwenda zake. Yanakaribiana, yanapeana joto, lakini hayakutani. Kazi ya kuufunga mfumo huo na kuusafisha niliifanya sana Lindi, mpaka mradi ulipokufa kama miradi inavyokufa, nami nikabeba spana zangu hadi Nachingwea. Nikakodi kibanda karibu na soko, nikawa natengeneza mashine za kusaga, pampu na pikipiki. Kisha nikaoa Nkowe.

Huko nilikooa, mwanamume ndiye anayehamia kwa mke. Nilikuwa nimesikia habari hizo, lakini kusikia ni kitu kingine. Nyumba yangu ilijengwa kwenye kiwanja cha mama mkwe wangu, baba mkwe alikuwa ameshafariki, na mwenye kauli ya mwisho juu ya mke wangu, nyumba yangu na hata watoto ambao nilikuwa sijawapata bado alikuwa mjomba wa mke wangu. Mtu mfupi, mpole, mkulima wa korosho, aliyezungumza kwa sauti ya chini mpaka ulazimike kumsogelea. Mtu anayenilazimisha kumsogelea huwa simwamini haraka.

Mashine ya kusaga ya zamani pale Nkowe ilikuwa imekufa, na wanawake walikuwa wakipeleka mahindi kijiji cha Malolo kwa baiskeli za waume zao. Mjomba akaona nafasi. Ukoo ukachanga fedha za korosho, nikatumwa Lindi kutafuta injini. Injini mpya ya mashine niliishia kuitazama tu. Nilichokipata ni injini ya boti ya uvuvi, iliyotolewa kwenye boti iliyoozea ufukweni. Muuzaji aliapa kwa watoto wake kwamba imetumika kidogo. Mtu akianza kuapa kwa watoto mimi hurudi nyuma hatua, lakini niliizungusha kwa mkono, nikasikia pumzi yake, ilikuwa nzuri. Nikasema chumvi iliyomo ndani ni kazi yangu mimi.

Ilipoteremshwa kwenye lori watu wakaja kuiangalia. Mjomba akaizunguka.

"Mkwe," akasema, "injini ya boti? Sisi hapa tuna bahari?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akanivuta pembeni, na kwa sauti yake ileile ya chini akaniambia korosho za ukoo mzima zimo ndani ya chuma kile. "Ikisaga, wewe mwanetu. Ikifa, mtafungasha pamoja, wewe na chuma chako."

Mke wangu alikuwa na mimba. Kwa desturi ya pale, mume akifungasha anafungasha peke yake. Mtoto ni wa ukoo wa mama. Sikulala vizuri tangu siku hiyo, na sijui kama mjomba alikusudia nisilale.

Mvua zilikuwa zimeanza, na hilo lilikuwa bahati yangu. Visima vya Nkowe vina maji ya chumvi chumvi, chai yake haikolei. Kusafisha injini yenye chumvi kwa maji yale ni sawa na kumnawisha mtu tope kwa tope. Nikakinga maji ya mvua kwenye mapipa, kutoka bati la nyumba yangu na bati la ghala la korosho, nikayafunika kwa turubai na kuyafunga kamba. Watu wakaniuliza kwa nini nafunga maji ya mvua kamba. Nikawajibu ni kwa ajili ya mbu. Ilikuwa kwa ajili yao.

Nikafungua silinda hedi, kile kichwa cha injini. Njia za maji zilikuwa zimeziba kwa kutu, mchanga na vipande vya maganda ya chaza, na kwenye kona moja nilikuta magamba ya samaki. Nikaing'oa pampu yake ya kuvutia maji ya bahari nikaiweka kando. Nikachemsha ukwaju, nikauchuja, nikajaza maji yake machachu humo ndani na kuyaacha yalale yang'ate ukoko. Kisha nikasukuma maji ya mvua kinyumenyume, yaingilie kule yanakotokea kila siku, maana uchafu uliozoea njia moja haung'oki kwa kusukumwa njia ileile. Yalitoka mekundu, halafu ya kahawia, halafu ya rangi ya chai ya maziwa. Yalipotoka meupe sikuyaamini. Nikayaonja. Chumvi. Nikarudia, nikaonja. Chumvi kidogo. Niliendelea hivyo hivyo, asubuhi naonja, jioni naonja, mpaka siku moja maji yaliyotoka kwenye injini ya boti yakawa matamu kuliko ya kisima cha Nkowe.

Nikaifunga. Rejeta, ile ya kupozea maji, niliitoa kwenye lori lililokufa Nachingwea, nikaipachika mbele ya injini na feni yake, mipira nikaikaza kwa klipu, juu nikachomelea kopo lenye kifuniko cha kujazia, chini ya rejeta nikaweka koki ya kutolea uchafu. Nikajaza maji ya mvua na kufunga. Kwa lugha ya boti, yale yalikuwa maji ya ndani, na kazi ya bahari ilifanywa na upepo wa feni.

Mahindi yalipovunwa mashine ikaanza kusaga. Ililia vizuri. Unga ukatoka laini, wanawake wa mpaka Likunja wakaanza kuja. Mwendeshaji alikuwa mdogo wake mke wangu wa kiume, shemeji yangu, mtu wa tabasamu muda wote, hata akiwa peke yake. Nilimfundisha kuwasha na kuzima, lakini kifuniko cha maji nilimwambia asikiguse.

Hapo ndipo nilipogundua jambo la mashine ya zamani. Ile ilipozwa na pipa la wazi, na wanawake wakisubiri zamu ya kusaga walizoea kuchota maji ya moto humo, wakaoshea watoto, wakafulia, wakarudisha maji ya kisima, pipa likaendelea. Waliyaita maji ya mashine. Lilikuwa jambo la kawaida kama kuomba moto kwa jirani. Basi walikuja na ndoo zao, wakawa wanalitafuta pipa.

Nikapiga marufuku. Nilisimama pale mlangoni mwa banda, siku baada ya siku, nikawaambia wote. Maji haya yamefungwa, hayachotwi, hayaongezwi. Kisima cha hapa kitaiua injini. Atakayegusa koki ataniona vibaya. Nilimwambia kila mwanamke aliyekuja na kila mzee aliyepita. Nilisema hata msikitini nje, baada ya swala, mpaka imamu akaniuliza kama sina habari nyingine. Kufika mwezi wa sita ningeapa kwamba hakuna mtu Nkowe ambaye hajasikia.

Mke wangu akajifungua wakati wa baridi, mtoto wa kike. Akahamia kwa mama yake kwa ajili ya arobaini, nyumba ya pili tu kutoka yangu, lakini kwangu mimi ilikuwa kama yuko Masasi. Kwa mama mkwe mimi siingii. Kwetu ziwani pia mkwe anaheshimiwa, ila pale heshima ilikuwa kazi ya kutwa. Nikitokea njiani, yeye hukata kona. Nikiingia uani, yeye yuko jikoni na mlango umerudishwa. Nikienda mashineni, yeye kama yuko kwenye foleni ataacha ungo wake kwa jirani na kuondoka mpaka nipite. Tangu nimeoa nilikuwa nimemwona mgongo tu, na kanga. Sauti yake sikuijua. Mtoto nililetewa mlangoni na dada wa mke wangu, nikamshika kidogo, akarudishwa ndani.

Katika siku hizohizo, nilikuwa nakaza klipu ya mpira mmoja, nikaona unga mweupe umeganda pembeni ya klipu. Kwanza nikadhani ni unga wa mahindi, maana mle kila kitu ni unga. Nikaupangusa kwa kidole nikaulamba.

Chumvi.

Machale yakanicheza mwili mzima. Nikafungua kifuniko cha kopo nikatazama. Maji yalikuwa palepale nilipoyaacha, kwenye alama yangu, hayakupungua hata kidogo. Nikachovya kidole nikaonja. Maji ya mvua niliyoyafunga mwenyewe yalikuwa yamekuwa ya chumvi.

Fikiria mwenyewe. Yangepungua, ningesema yanavuja. Lakini yamejaa, na yamebadilika. Wazo la kwanza lilikuwa la muuzaji wa Lindi, kwamba aliniuzia mbuzi kwenye gunia, chuma kimelowa bahari mpaka kwenye mifupa na sasa kinaitoa chumvi pole pole. Nikamwaga yote, nikasafisha tena kwa ukwaju, kinyumenyume kama mwanzo, nikaonja mpaka utamu ukarudi, nikajaza mvua mpya kutoka pipani. Shemeji akasimamisha kazi, wanawake wakanung'unika, mjomba akaja, akahesabu magunia yaliyokuwa yakisubiri kusagwa, akaondoka. Kuhesabu kule kulinichoma kuliko maneno.

Baada ya siku chache nikaonja tena. Chumvi imerudi.

Chuma hakirudishi chumvi haraka hivyo. Ule ulikuwa mkono wa mtu. Kuna mtu mwenye roho ya kwa nini alikuwa anatia mchanga kwenye kitumbua changu, na alikuwa mjanja, anatoa kiasi anachotia ili alama isibadilike. Nikamwaza mwenye mashine wa Malolo, ambaye alikuwa amepoteza wateja. Wiki iliyotangulia alikuja na baiskeli kunisalimia na akaisifia injini yangu kupita kiasi, aligusa mpaka rejeta. Nikamwaza shemeji na tabasamu lake. Anacheka nini siku nzima? Nikamwaza mjomba mwenyewe, kwamba huenda anataka nifungashe na anatafuta sababu ya kiungwana. Mzee mmoja akanishauri nimwone mtaalamu, akisema nimetupiwa kitu. Nikamjibu aliyenitupia anatumia ndoo, na mwenye ndoo hanishindi.

Ningeweza kuifunga koki kwa waya na kuweka kufuli kwenye kifuniko. Ningemaliza shida siku hiyohiyo. Lakini sikutaka shida iishe, nilitaka kumjua mtu. Ndivyo nilivyo.

Nikaenda dukani nikanunua bluu ya kufulia, ile wanayotia kwenye nguo nyeupe zing'ae. Nikamwambia mwenye duka ni ya kanzu. Nikaikoroga ikawa nzito, nikaimimina kwenye kopo la injini wakati shemeji ameenda kununua dizeli. Nikawasha injini kidogo maji yazunguke, nikafungua koki, tone likatoka la bluu iliyoiva. Nikafunga. Atakayeyatoa maji haya yatamwagikia mikononi au kwenye nguo, nami nitamsoma.

Tangu hapo nikawa naangalia mikono. Nilimsalimia kila mtu kwa mkono, mpaka watu nisiowasalimia wakashangaa. Nikamwambia shemeji anionyeshe viganja, nikamdanganya kwamba grisi inaleta vidonda. Viganja vilikuwa vyeupe kwa unga. Nikaenda mpaka Malolo kwa baiskeli, kisingizio changu kilikuwa kutafuta mkanda wa mashine, nikamsalimia yule bwana na kuushika mkono wake muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Hakuna kitu.

Ijumaa ndiyo iliyonivuruga. Nilifika msikitini, nikaona kanzu ya mjomba ina ubluu kwenye mikono. Nikageuka kumtazama wa pembeni yake, naye ana ubluu. Na wa nyuma. Nilikuwa nimesahau kwamba kila kanzu ya Ijumaa imepita kwenye bluu. Swala ile nilisali nikiwashuku waumini wote, na sidhani kama ilipokelewa.

Siku iliyofuata nilikuwa natoka nyumbani kwenda mashineni. Njia inapita mbele ya kiwanja cha mama mkwe. Kamba yake ya kuanikia nguo iko nyuma ya nyumba, na nguo za uzazi hasa hazianikwi mahali pa kupita wanaume. Lakini siku ile kulikuwa na kamba nyingine, mpya, imefungwa kutoka kwenye mpapai hadi kwenye nguzo ya uzio, upande wa njia kabisa. Juu yake kulikuwa na nepi za mwanangu. Zilikuwa za bluu. Si ubluu wa kanzu. Zilikuwa zimelowa bluu, zina mabaka, bluu yangu niliyoikoroga mwenyewe.

Hasira niliyokuwa nimeiweka akiba kwa ajili ya mwizi ilikuwa bado ipo, na sasa haikuwa na pa kwenda. Nikamwita mke wangu. Akatoka mlangoni na mtoto begani.

"Hizi zimefuliwa na nini?"

"Maji ya mashine," akasema. "Mama anakwenda kuchota mchana, mnapozima kwa ajili ya adhuhuri. Ndiyo anayonikandia tangu nijifungue. Kuni ziko mbali, na yeye mgongo wake unaujua. Hukujua?"

"Nani alimruhusu?"

"Si ndivyo watu walivyofanya kwa ile mashine ya zamani? Tena hachukui bure. Akitoa ndoo, anarudisha ndoo. Anaenda kisimani kwanza, ndipo anakuja kuchota. Anasema mali ya mkwe hairudishwi pungufu."

"Nimesema kijiji kizima maji yale hayaguswi."

Mke wangu akanitazama kama anayemsubiri mtu afike mwenyewe.

"Yeye ulimwambia lini?" akauliza.

Kila nilipofungua mdomo mlangoni mwa lile banda, mama mkwe alikuwa ameshaondoka. Aliondoka kwa sababu mimi nimefika. Na majirani hawakumpelekea habari, maana nani ataenda kumpa mwanamke yule onyo linalotoka kwa mkwewe? Nilikuwa nimemfokea kila mtu Nkowe isipokuwa yule aliyeniheshimu kuliko wote. Na maji niliyokuwa namtafutia mwizi yalikuwa yanamwagwa kwenye mgongo na tumbo la mke wangu, ili mifupa ya uzazi ikae sawa.

Nilikwenda nikazima mashine na kufungua silinda hedi. Kumwagia chuma cha moto maji ya kisima yenye baridi kila mchana, hata bila chumvi, ni kuomba ufa. Nikapitisha kidole, nikapitisha taa. Kulikuwa na ukoko mweupe, kama wa ndani ya birika, umeanza kubana njia nyembamba za nyuma. Ufa haukuwepo. Nilikaa chini juu ya gunia la mtu nikapumua.

Nikaanza upya. Ukwaju, kinyumenyume, kuonja. Lakini safari hii sikurudisha rejeta. Nilikwenda Nachingwea, kwenye mabaki ya vyuma yaliyoachwa tangu enzi za mashamba ya karanga ya Waingereza, nikanunua kwa mtu bomba la shaba, nikalikunja mizunguko mizunguko nikalitumbukiza ndani ya pipa. Maji ya ndani, ya mvua, yakawa yanatoka kwenye injini, yanapita ndani ya shaba na kurudi, yamefungwa, hayagusiki. Pipani, nje ya shaba, nikajaza maji ya kisima na chumvi yake yote. Nikaweka koki kubwa pembeni ya pipa, kwenye kimo cha ndoo. Ule ulikuwa mfumo wa boti hasa, niliokuwa na uvivu wa kuufunga tangu mwanzo kwa sababu rejeta ilikuwa rahisi. Na uzuri wake ni huu: maji ya pipa yakikaa bila kuchotwa yanachemka na injini inapata moto. Wanawake wakichota na kurudisha maji ya baridi, injini inapoa. Nilikuwa nimeanza kuwahitaji wale niliokuwa nawafukuza.

Mjomba alikuja kutazama. Akachovya kidole pipani, akaonja, nadhani alijifunza kwangu.

"Chumvi," akasema.

"Hiyo ni ya nje, mjomba. Ya ndani haiguswi."

Akalizunguka pipa kama alivyoizunguka injini siku ile ya lori. "Kumbe bahari yenyewe ni hii," akasema, akaondoka. Hakurudia tena habari ya kufungasha. Injini ile ilisaga mpaka miaka ya elfu mbili imekwenda mbali, bodaboda zilipokuwa zimeshajaa Nkowe na kila kijana ana simu, na haikufa kwa chumvi, ilikufa kwa uzee. Shemeji aliendelea kutabasamu, na mpaka leo sijajua anachekea nini.

Lakini kulikuwa na deni la maneno. Nilimfokea kila mtu, kwa hiyo ilibidi huyu niseme naye, na sikuwa na njia ya kusema naye. Siku ya arobaini mtoto alitolewa nje, nikapewa nimshike. Nilikwenda naye mpaka kwenye uzio wa matete wa mama mkwe nikasimama, nimempa uzio mgongo. Nilijua yuko upande wa pili, nilisikia mchi ukinyamaza.

Nikamwambia mtoto, kwa sauti ya kutosha, "Mwambie bibi yako maji ya pipa ni yake. Achote anavyotaka, arudishe ya kisima, hayana madhara tena. Ila asiguse kopo la juu."

Nikadhani nimevunja adabu. Kisha kutoka nyuma ya matete nikaisikia sauti yake kwa mara ya kwanza, nyembamba, ya pole pole, Kiswahili cha mtu aliyekizoea sokoni tu.

"Mjukuu wangu, mwambie baba yako, maji yalipotoka bluu mimi nilijua kuna mtu anatafutwa. Ndiyo nikaanika nepi njiani, apite, aone." Mchi ukapiga mara moja, ukatulia tena. "Siku nyingine akiwa na neno asinitilie rangi. Aseme kwako. Wewe si upo?"